Msimzike Adam Schlesinger na Wimbo Mmoja

Wasee, leo sina skiti. Leo niko na lalamiko, na naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Juzi niko kwa mathree ya kwenda Rongai, jioni, jam imekwama kama kawaida. Redio inacheza ngoma za kitambo, halafu "Stacy's Mom" ikaingia. Si mnajua vile inaendaga. Watu ambao hawakuwa wamesalimiana tangu tao wakaanza kuimba kiitikio pamoja, hata konda. Nikamwambia jamaa aliyeketi kando yangu, "Unajua mmoja wa walioandika hii ngoma alikufa na corona, 2020?" Akaniangalia, akasema pole kidogo, kisha akauliza, "Lakini si huyo alikuwa tu wa ngoma moja?"

Nilinyamaza, lakini sikupona. Nimekaa na hilo swali siku tatu. Kwa hivyo majibu ni haya, kaka, popote uliposhukia.

Anaitwa Adam Schlesinger. Alizaliwa New York tarehe 31 Oktoba 1967, akalelewa Montclair, New Jersey. Akiwa chuo cha Williams kule Massachusetts alikutana na Chris Collingwood, na miaka ya tisini wakaunda bendi inayoitwa Fountains of Wayne. Jina walilitoa kwa duka la mapambo ya bustani lililokuwa mji wa Wayne, New Jersey. Yaani ni kama mimi na wewe tuunde bendi tuiite jina la ile hadwea iko kona ya steji. Hiyo peke yake inakuonyesha walikuwa watu wa aina gani. Hawakuwa wanatafuta jina la mbinguni. Walitazama tu barabarani.

Muziki wao unaitwa pawa pop. Kama hujui hiyo kitu, fikiria melodi tamu za aina ya Beatles, sauti mbili tatu zinazoimba pamoja, halafu gitaa za umeme zinazosukuma kutoka nyuma kama matatu yenye injini mpya. Ni muziki wa dakika tatu hivi. Unaingia, unashika, unatoka. Adam alipiga besi na vinanda, Chris akaimba, Jody Porter akawa kwa gitaa na Brian Young kwa ngoma.

Walitoa albamu tano za studio: Fountains of Wayne (1996), Utopia Parkway (1999), Welcome Interstate Managers (2003), Traffic and Weather (2007) na Sky Full of Holes (2011). Baada ya ile ya pili, lebo yao iliwaacha. Ya tatu ndiyo ilikuwa na "Stacy's Mom", ikapanda mpaka nambari 21 kwa chati ya Billboard Hot 100. Halafu cheka na mimi hapa: wakateuliwa Grammy kama wasanii wapya bora. Wapya! Watu wenye albamu tatu. Hiyo ndiyo nguvu ya wimbo mmoja, unaweza kufuta miaka saba ya kazi yako kwa siku moja.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. Mwaka 1996 Adam aliandika wimbo wa "That Thing You Do!" wa ile filamu ya Tom Hanks. Filamu inahusu nini? Bendi ya vijana wa mwaka 1964 wanaopata kibao kimoja, wanakuwa maarufu, kisha wanasambaratika. Wimbo ukateuliwa Oscar. Yaani huyu mtu aliandika kibao cha bendi ya kubuni yenye kibao kimoja, na miaka saba baadaye dunia ikamgeuzia mchezo huo huo.

Mimi nilimjua kupitia hiyo filamu, kwa DVD ya mtaani yenye sinema kumi kwa sahani moja. Nilikuwa mdogo. Aprili 2020 nikiwa Form Two, shule zimefungwa, kafyu imeanza, nimekaa kwa sakafu na simu ya mathe, nikaona habari kwamba aliyeandika ule wimbo amekufa tarehe 1 na hiyo corona. Alikuwa na miaka 52. Tom Hanks mwenyewe alikuwa ameshikwa na ugonjwa huo wiki chache tu kabla, akapona. Adam hakupona. Kwa mara ya kwanza corona ilikuwa na jina la mtu ninayemjua, hata kama simjui.

Sasa, kwa sababu hakukuwa na pa kwenda, nilianza kusikiliza. Si kile kibao. Hizo zingine. Na hapo ndipo lalamiko langu linaanzia.

Chukua "Hackensack". Iko albamu ile ile ya "Stacy's Mom". Hackensack ni mji wa kawaida wa New Jersey, karibu kabisa na New York, lakini si New York. Kama vile Rongai iko karibu na Nairobi lakini si Nairobi, na tusidanganyane. Anayesimulia ni kijana aliyebaki. Anamfanyia babake kazi ya kukwangua rangi kwa sakafu za mbao. Msichana aliyesoma naye amekuwa mwigizaji, anamwona kwa skrini. Na huyu kijana anamwambia tu kwamba ikitokea arudi, atamkuta palepale. Hakuna kelele wala matusi, na pia hakuna tumaini la kweli. Melodi ni laini mpaka unaweza kuisikiliza mara tano kabla hujagundua umeumia.

Nitawaambia kwa nini huo wimbo ni wangu. Bro wangu mkubwa alimaliza Form Four na alama nzuri. Karo ya chuo haikupatikana, mzee akampa brashi, wakaanza kupiga rangi nyumba za watu pamoja. Ni mwaka wa saba huu. Kuna dem walikuwa wanakaa dawati moja, saa hii yuko kwa TV, si lazima niseme kipindi gani. Kila akitokea, bro hubadilisha stori. Hatujawahi kuongea hiyo mambo nyumbani. Mathe anajua, mzee anajua, mimi najua, na sote tunajifanya tunatazama tu TV.

Mwaka jana nilimtumia "Hackensack" kwa WhatsApp bila maneno yoyote. Akasoma. Kimya siku nzima. Saa nne usiku akajibu, "Wee kasichana, nani alikupa hii?" Nikamwambia mwenyewe alishakufa. Akakaa tena kidogo, akaandika, "Alijuaje?"

Hiyo "alijuaje" ndiyo hoja yangu yote. Mzungu wa New Jersey aliyesoma chuo cha maana, aliyekuwa na tuzo za Emmy na Grammy nyumbani, alijuaje mambo ya kijana wa kukwangua rangi? Alijua kwa sababu aliangalia watu. Na hizo nyimbo zisizojulikana ndizo zimejaa watu.

Wacha niwape zingine.

"Sick Day", albamu ya kwanza. Mfanyakazi wa ofisi anayeingia mjini kila siku kwa treni, kazi haina ladha, na ndoto yake kubwa kwa sasa ni kupiga simu aseme ni mgonjwa. Kama umewahi kufanya atachimenti ambapo kazi yako ni kutoa kopi na kuchemsha chai, utaelewa.

"Yolanda Hayes", albamu ya nne. Jamaa ameenda ofisi ya serikali ya leseni za madereva, amepanga foleni, na anampenda mama aliye upande ule mwingine wa dirisha. Ni hivyo tu. Wimbo mzima wa mapenzi ndani ya foleni! Mimi nimepanga foleni nyingi, sijawahi kufikiria kwamba aliye dirishani anaweza kuwa na wimbo wake.

"Michael and Heather at the Baggage Claim", albamu hiyo hiyo. Wapenzi wawili wamechoka uwanja wa ndege, wanangoja mizigo ambayo haiji. Wengine wangeandika kuhusu safari, au kuhusu kuachana. Hawa waliandika kuhusu kungoja begi.

"Fire Island". Wazazi wameenda likizo, watoto wameachiwa nyumba, na wanaapa wao ni wakubwa, kila kitu kitakuwa sawa. Wewe unajua, na wao wanajua, hakuna kitu kitakuwa sawa. Lakini umepigwa polepole kwa upole wa ajabu, kama mtu anayekumbuka hizo siku akiwa mzee.

"Richie and Ruben", albamu ya mwisho. Marafiki wawili wa mipango mingi. Wanafungua baa, inakufa. Wanafungua duka la nguo, linakufa. Na kuna pesa za anayesimulia humo ndani. Wasee, huu wimbo upigwe kwa kila kundi la WhatsApp lenye neno "investa". Sitasema zaidi, kuna watu wananidai na kuna watu ninawadai.

Na "Cemetery Guns", ngoma ya mwisho kabisa ya albamu ya mwisho. Mazishi ya mwanajeshi, ngoma zinapigwa kama gwaride. Hakuna mzaha hata kidogo. Bendi iliyojulikana kwa wimbo wa kumezea mate mama ya rafiki yako ilifunga kazi yake kwa mazishi. Ni wangapi kwa ile matatu wanajua hilo?

Sasa najua mtakuja kwa komenti, kwa hivyo wacha nijibu mapema.

Kwanza, wale wa "hata kibao kimoja ni baraka, wengine hawapati hata hicho". Ni kweli. Na mimi siichukii "Stacy's Mom". Imeundwa vizuri kama kiti cha fundi anayejua kazi, kila msumari uko mahali pake, ndiyo maana miaka zaidi ya 20 baadaye matatu nzima bado inaimba. Shida yangu ni sisi. Tunaingia sebuleni kwa mtu, tunakunywa chai, halafu tunaenda kutangaza kwamba nyumba yake ina chumba kimoja.

Pili, wale wa "hizo ngoma za katikati ya albamu ni za kujaza nafasi tu". Zingine ndiyo, sitadanganya. Traffic and Weather iko na sehemu ambapo mzaha unazidi na unaanza kusikia mtu akijifurahisha mwenyewe. Albamu ya 2003 nayo ina ngoma 16, na mimi ningetoa tatu bila kulia. Lakini huwezi kujua ni gani ya kujaza nafasi na ni gani itamnyamazisha bro wako siku nzima mpaka usikilize zote. Hakuna njia ya mkato hapo.

Tatu, na hii ni haki kusema: nyimbo zote za Fountains of Wayne zimeandikwa kwa majina mawili, Collingwood na Schlesinger, ingawa mara nyingi kila mmoja aliandika zake kando. Walikubaliana hivyo, na sauti unayoisikia ikiimba ni ya Chris, ambaye yuko hai. Kwa hivyo nikisema "nyimbo za Adam" nakosea kidogo, na nakubali. Lakini hata hilo linanifundisha kitu. Alikuwa mtu wa kugawana. Alikuwa pia na bendi ya Ivy pamoja na Andy Chase na Dominique Durand, ya sauti tulivu kabisa. Aliandika "Way Back into Love" ya ile filamu ya 2007 ya Hugh Grant na Drew Barrymore, ambayo nusu yenu mmeiimba bafuni bila kujua ni ya nani. Kwa kipindi cha TV cha Crazy Ex-Girlfriend, yeye na Rachel Bloom na Jack Dolgen walitengeneza nyimbo 157 kwa misimu minne. Karibu zote aliwapa watu wengine waimbe. Ukitaka kumsikia, lazima umtafute ndani ya sauti za wengine.

Nne, kuna yule atakayesema, "Dada, kwani wasanii wa Kenya wameisha?" Hapana, na sisi wenyewe tuna deni hilo hilo. E-Sir alitutoka Machi 2003, mwaka ule ule wa "Stacy's Mom", akiwa na miaka 21. Alituachia albamu nzima, Nimefika. Kila sherehe tunacheza "Boomba Train", tunaruka, tunasema legendi, basi. Ni lini mara ya mwisho uliisikiliza hiyo albamu kuanzia mwanzo hadi mwisho? Mimi pia najiuliza.

Na sasa niseme ukweli kuhusu mimi, kwa sababu labda hasira yangu haikuwa ya Adam peke yake.

Mnanijua kwa video moja. Ile ya konda na chenji ya shilingi hamsini. Nilirekodi kwa dakika ishirini, nikiwa na njaa, na ndiyo ililipuka. Mpaka leo nikipita stejini watu wanapiga kelele, "Chenji yangu iko wapi!" Nacheka, kwa sababu hiyo video ilinilipia kodi miezi miwili. Lakini nimetengeneza zaidi ya video sitini. Kuna moja ya shosho wangu akieleza vile alitembea kwa miguu kwenda kujiandikisha kupiga kura. Nilikaa nayo wiki tatu. Iliangaliwa na watu wachache kuliko wanaotosha kwa mathree mbili. Shosho aliniuliza, "Watu walipenda?" Nikamwambia ndiyo, sana.

Algoridhimu haina ubaya wa kibinafsi. Inaangalia tulichobonyeza jana, inatupa tena leo, na kesho inasema tunakipenda sana. Ukitafuta Fountains of Wayne inakuwekea ngoma tano juu, ya kwanza unaijua. Unabonyeza hiyo. Umeisaidia kubaki juu. Ngoma ya tisa inabaki chini gizani, si kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu hakuna aliyeteremka kuiona. Ni sisi tunaoteremka ama hatuteremki, hilo hatuwezi kulaumu mashine.

Tarehe 22 Aprili 2020, wiki tatu baada ya Adam kufa, kulikuwa na tamasha la kuchangisha pesa kwa ajili ya watu wa New Jersey walioumizwa na corona. Wenzake watatu waliobaki walipiga, kila mtu kwake, na Sharon Van Etten akachukua besi na kuimba nao. Mnadhani walichagua ngoma gani? Si ile ya nambari 21. Walipiga "Hackensack". Walipotaka kumuaga rafiki yao mbele ya nchi nzima, walienda moja kwa moja kwa kijana wa kukwangua rangi.

Basi ombi langu ni dogo. Ukipata waifai ya mtu, shusha Welcome Interstate Managers yote. Usiruke. Chukua jioni moja, zima data, weka simu kifudifudi, acha icheze kutoka ngoma ya kwanza mpaka ya 16. Ukifika mwisho ukisema haikukugusa, njoo uniambie, hatutakosana. Halafu fanya hivyo kwa msanii yeyote aliyekufa ambaye unadhani unamjua. Na kwa walio hai pia, maana hao bado wanaweza kusikia.

Bro wangu sasa hucheza "Hackensack" akipiga rangi. Mzee alimuuliza ni wimbo gani huo wa kulala. Akamjibu, "Ni wa kazi, mzee." Wakaendelea kufanya kazi.

Na wewe kaka wa mathree, kama umesoma mpaka hapa: hapana, hakuwa wa ngoma moja. Samahani sikukujibu siku ile. Nilikuwa nashuka.